Kilo za Kwenda Gitega

Mama yangu hawezi kukaa kitako muda mrefu. Nyonga zake ziligoma zamani. Kwa basi la abiria, Gitega kwake ilikuwa mbali kama Ulaya, na Gitega ndiko aliko dada yake wa pekee, ambaye naye hana magoti ya kuteremka mpaka Bujumbura. Kwa miaka wamekuwa wakigombana kwa simu ni nani amfuate mwenzake.

Ndipo mdogo wangu, fundi gari, alipochukua basi dogo kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda, jiko la gesi, kabati na pipa la maji lenye bomba. Likawa nyumba yenye magurudumu. Majirani wetu wa mtaa wa Ngagara walikuja kufungua bomba na kulifunga kana kwamba wanataka kupanga. Mimi nilifurahi kuliko wote, ila furaha yangu ina mdomo: nikamuuliza kama gari lenyewe linajua litabeba nini.

"Dada, gari ya Mujapani haishindwaka na kitu," akanijibu.

Nikawaka. Mlima wa Bugarama, ulio njiani kwenda Gitega, naujua, na malori yaliyolala mtaroni kwa kushindwa breki nimeyaona. Nilisema mama hapandi humo mpaka hesabu itoke. Mama akanikata jicho, kwa sababu nguo zake alikwisha kuzifunga.

Kibao cha mlangoni kinataja uzito ambao gari halipaswi kuuzidi. Tukaenda kwenye mizani ya malori karibu na bandari, tukalipima likiwa na kitanda, jiko na mafuta tele. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo haki yetu: kilo mia tano na ishirini, watu wakiwemo. Sisi watatu peke yetu tulikula mia mbili na ishirini. Pipa likijaa, mia na ishirini nyingine.

Kisha habari ikaenea. Kwetu ukisema unasafiri, umetangaza kwamba unapokea mizigo. Kila mwenye ndugu Gitega akaleta chake: ndagala wakavu, mawese, mchele, na mmoja akaja na mlango wa mbao. Kukataa kifurushi cha mtu ni kumkataa mwenyewe. Mdogo wangu akaazima tela, akapanga vingine ndani na vingine humo.

"Remoki iko na matairi yake," akasema. "Hiyo haituhusu."

Inatuhusu sana. Shingo ya tela hulalia ndoano ya nyuma, na kinacholalia ndoano ni mzigo wa gari. Tukaweka mizani ya duka chini ya shingo ile: kilo themanini. Halafu gari na tela kwa pamoja navyo vina kikomo chake, hivyo mlango wa mbao ukarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe akanuna. Ndani ya gari bado tulikuwa tumezidi kwa kilo sabini.

Tulitazama vifurushi, kila kimoja na jina la mtu aliyetulea. Nikasema basi, safari tuiahirishe. Mama alikuwa amejilaza kitandani mwake garini, akituacha tupayuke.

"Ile pipa iko na nini?"

"Maji, mama."

"Gitega hawakunywaka maji? Mwageni."

Nilicheka mpaka nikajishikilia mlangoni. Tulijenga bomba kana kwamba tunavuka jangwa, na njia ile haina kona isiyo na mtu wa kukupa kikombe cha maji. Pipa likamwagwa, tukabaki na nafasi ya kilo hamsini. Nyingi ziliishia Bugarama, ambako mama alinunua kabichi na karoti akiwa amelala, akipatana bei kwa sauti ya bosi.

Breki hazikutoa hata harufu. Gitega, mama mkubwa alitoka na fimbo yake. Hakungoja dada yake ashuke. Alipanda yeye, tukimsukuma kwa nyuma, akajitupa kitandani na kumkumbatia. Mimi nililia bila aibu. Chakula wakaletewa humo humo, na nyumba ya watu ikabaki na vitanda vitupu, wao wamelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na kubishana mpaka usingizi ukawachukua.

Asubuhi nilimkuta mama mkubwa ameketi ukingoni mwa kitanda, begi mapajani, kitambaa kichwani.

"Mwanangu," mama akaniambia, "huyu naye mupime."

Vifurushi vyote vilikuwa vimefika kwa wenyewe, na tela lilikuwa tupu. Jibu nililijua, lakini nilipiga hesabu polepole, kwa raha ya kuwaona vikongwe wawili wametulia wakiningoja.

"Anaenea," nikasema.

Mama akasogea, akamwachia dada yake upande wa dirisha.