Shangazi Aliyefyekwa Kwenye Video

Dada yule fundi cherehani walimwita Pasi Moto, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ukimchokoza asubuhi, jioni bado anafuka moshi. Lakini kwa kanda za video za marehemu baba yake alikuwa na subira ya ajabu. Baba alikuwa fundi magari mwenye wazimu wa kamera: watoto wakioga, paka akisinzia, yeye anarekodi tu. Alipofariki, sanduku la kanda liliachwa chini ya paa linalovuja, zikaota ukungu.

Pasi Moto alizifungua moja moja kwa bisibisi, akaufuta utepe kwa pamba na spiriti, akiuzungusha taratibu kwa kidole. Uliokatika aliuunga. Akaazima deki ya zamani, akahamishia picha zote kwenye kompyuta, kisha akampa nakala kaka yake mkubwa, mwenye sebule kubwa na televisheni pana, ili jamaa wote watazame.

Jumapili sebule ilijaa. Wakwe wa kaka walikaa kwenye makochi. Shangazi wa Pasi Moto na kaka yake, aliyewalea tangu mama yao alipofariki, alipewa kiti cha plastiki karibu na mlango. Alivaa gauni jipya aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Picha zikapita: baba, gari, kaka na baiskeli. Kila picha mpya ilipoingia, shangazi aliinama mbele. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona mimi sitokei? Au siku zile nilikuwa nimesafiri?"

Hakuwahi kusafiri. Alikuwemo bombani, ndoo kichwani. Alikuwemo jikoni, peku, gauni limechanika begani, akimfukuza kuku huku akiicheka kamera. Yote yalikuwa yamefyekwa.

Pasi Moto alimfuata kaka yake koridoni, akamuuliza kama ndiye aliyezikata. Kaka hakukana. Alisema wakwe zake ni watu wa heshima zao, na katika picha zile shangazi anaonekana kama mtumishi.

"Alitembea peku ili wewe uende shule na viatu," Pasi Moto alisema. "Leo miguu ile ile inakutia aibu?"

Kaka alimwomba ashushe sauti. Hakushusha. Alirudi sebuleni, akachomoa flashi ya kaka, akachomeka yake. Shangazi alipotokea tu na ndoo yake, kaka akazima umeme wa televisheni ukutani. Pasi Moto akamshika shangazi mkono, wakatoka bila kuaga.

Walizitazama picha zile dukani kwake, kwenye kompyuta, katikati ya vitambaa. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

Baada ya siku chache mke wa kaka alikuja kuwaombea watoto wake nakala, akapewa. Alileta pia salamu za mumewe, kwamba yaliyopita si ndwele.

"Wifi, salamu hizo azilete mwenyewe," Pasi Moto alimjibu bila kuinua macho, "na ampe shangazi, si mimi."

Kaka hajaja bado. Shangazi humtetea, husema mtoto ana shughuli nyingi, na hilo ndilo linalomchoma fundi kuliko yote.