Darubini Nzito ya Dariimaa

Farasi yule alikuwa wa marehemu mume wa Dariimaa, hudhurungi, mwenye baka jeupe usoni. Wanawe walisema hakuna tena wa kumpanda, na Dariimaa akakubali auzwe. Mnunuzi akampeleka ng'ambo ya mito miwili. Tangu hapo moyo wa Dariimaa haukutulia, maana kila mfugaji wa Mongolia anajua farasi hasahau malisho alikozaliwa.

Kila asubuhi alipanda kilima nyuma ya hema na darubini mpya aliyoletewa na mwanawe kutoka mjini. Ilikuwa nyepesi, unaisahau shingoni. Lakini theluji ilipoanguka, mng'ao wake ulimchoma macho mpaka yakamtoka machozi, na baridi ilipokaza, vioo vikatandwa na ukungu kwa ndani.

Akaenda sokoni. Jambal, muuza vikorokoro, akamtolea darubini ya Kirusi, kuukuu, rangi imebanduka.

"Mama, hiyo itakuvunja shingo. Chukua ya kisasa, inavuta mpaka mjini Ulaanbaatar!"

"Ulaanbaatar nina shida gani nako?"

Akaiweka machoni. Theluji ya nje ikawa na umanjano kidogo, kama imemwagiwa chai, na kila mbwa, kila kigingi, kikajitenga nayo waziwazi. "Nifungie hii."

Nyumbani, Solongo, mke wa mwanawe, alicheka. "Haya, Mama kanunua nyundo!"

Majira yote ya baridi alitazama. Aliona mbweha, aliona farasi wa majirani. Siku zilivyokwenda Solongo aliacha utani. Mama akishuka, alimmiminia chai ya chumvi, basi.

Barafu ilipoanza kukatika mtoni, Dariimaa aliona kidoa mgongoni mwa kilima cha mbali. Kikasogea. Kikawa na baka jeupe.

"Solongo! Hatamu! Lete hatamu!" Alishuka mbio, mtu mzima yule, kofia ikabaki nyuma.

Farasi alikuwa mbavu nje, kipande cha kamba shingoni. Dariimaa akamkumbatia, akalia kilio ambacho msibani kilimkataa.

Baada ya siku chache mnunuzi, Ganzorig, alifika juu ya farasi mwingine. Alikunywa chai yake akitazama chini.

"Mama, naona haya kumchukua. Lakini binti yangu hali chakula tangu farasi apotee."

"Binti mdogo?"

"Mdogo. Alikuwa anamsuka manyoya ya shingo."

Dariimaa alimwongezea chai. "Mwambie amkune chini ya sikio la kushoto. Hapo ndipo anapopapenda."

Wakaondoka jioni. Aliwasindikiza kwa darubini nzito mpaka vioo vyake vya manjano vikaishiwa mwanga, asione ila weusi wa nyika. Solongo akamnyooshea ile mpya. Dariimaa akaipokea. Humo bado kulikuwa na nuru, na farasi alikuwa akienda, kichwa chini, nyuma ya Ganzorig, bila kugeuka.

"Unamwona, Mama?"

"Namwona," akasema, wala hakuishusha.