Wati za Trizah

Trizah hakuwahi kukaa darasani hata muhula mmoja. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba za reli pale Nakuru, na mama yake alipokwenda kuuza mboga, yeye ndiye aliyebaki na wadogo zake. Kazi yake nyingine ilikuwa kumpelekea baba chakula karakana saa sita mchana. Baba alitaka mchuzi wa maharagwe ufike ukiwa moto, tena ufike wote. Basi mtoto wa miaka minane akajifunza kukimbia na sufuria yenye mfuniko uliolegea, apande, ashuke, avuke reli, asimwage tone. Ukikaza, unamwaga. Ukilegea, mchuzi unapoa na makofi yanakungoja. Kati ya hayo mawili kuna mwendo mmoja tu, na Trizah aliushika mwilini wakati wenzake walipokuwa wakishika a, e, i, o, u.

Alipofika miaka arobaini na tatu alikuwa mke wa Makhanu, na Makhanu alikuwa na kambi ya wakimbiaji kule Kabazi: nyumba ya mabati yenye vyumba vinne, tangi la maji, na vijana saba waliotaka kwenda Ulaya. Ubao wa langoni ulikuwa na jina la Makhanu peke yake. Trizah ndiye aliyepika na kukanda misuli ya watu jioni. Siku za mwendo mwepesi ndiye aliyetangulia mbele, maana vijana hawajui kwenda polepole mpaka wamwone mtu wa kumwonea haya.

"Mathe, wewe ni trekta," Cheptoo alipenda kumtania; mathe, yaani mama, ndivyo vijana wote walivyomwita. Huyo ndiye aliyekuwa mcheshi wa kambi.

"Na wewe ni pikipiki. Juu ya kile kilima nitakukuta umezima."

Na kweli alimkuta. Vijana waliuvamia mlima kwa kifua. Trizah alifupisha hatua, akaacha mlima umpunguzie mwendo, na kule juu akawapita wote wakiwa wameshika magoti. Kila mara aliwaambia la kufanya, na kila mara walicheka.

Kisha saa ikaja. Aliituma Jerry, kochi wa Ulaya aliyekuwa akiandikiana na Makhanu. Ilikuja na kidude kidogo cha kubanwa kwenye kamba za kiatu, vyote vya Chepchirchir, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeaminiwa kuwa tumaini la kambi. Makhanu aliwakusanya uani akawaeleza. Kidude hakipimi mbio, kinapima nguvu ambayo mwili unaitoa, na nguvu hiyo inaitwa wati. Mlimani mwendo ushuke, lakini wati zisipande. Kwenye mteremko mwendo uongezeke, lakini wati zisianguke. Saa ikishaunganishwa na simu, Jerry anaona kila hatua akiwa kwake.

Trizah alikuwa anaosha masufuria. "Hiyo si ndiyo nimewaambia miaka hii yote?"

"Uliwaambia," Makhanu akasema. "Lakini bila ushahidi."

Wiki ya tatu muundi wa Chepchirchir ukaanza kuuma. Jioni hiyo Makhanu aliingia jikoni na saa mkononi, akavuta kigoda, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi.

"Mama Dalmas," alisema, "Jerry anatafuta mwanamke aliyepita arobaini. Huko kuna mbio za watu wa umri wako, na zina heshima zake. Nimekuandikisha. Kuanzia leo hii saa iko kwa jina lako."

"Nionyeshe hilo jina."

Akamsogezea simu. "Hili hapa."

Trizah aliliangalia kwa muda mrefu. Namba alizijua, hakuna anayeuza sokoni asiyezijua. Herufi ndizo zilizokuwa kama mahali kuku wamechakura. Akalipapasa jina lake kwa kidole, kioo kikaruka ukurasa mwingine, wote wawili wakacheka.

Miezi minne aliyovaa ile saa ndiyo aliyofurahi kuliko mingine yote katika ndoa yake. Alitoka alfajiri, akashuka bondeni hadi njia ya Subukia, akarudi kwa barabara ya vumbi inayopanda Kabazi. Alijifunza kubahatisha kabla ya kutazama. Mia moja sabini na tano, anasema moyoni. Anageuza mkono, anakuta mia moja sabini na sita. Mlimani alizishika mia mbili na tano toka chini hadi juu, kama mtu aliyebeba kitu cha kumwagika. Baba, mume na mashemeji walikuwa wamebishana naye maisha yake yote. Hiki kidude hakikubishana naye hata mara moja.

Alimpigia mwanawe Dalmas, fundi wa malori kule Salgaa.

"Kwani mama utapanda ndege?"

"Nitapanda."

"Utaketi dirishani?"

"Nitaketi pale watakaponiweka, mradi niko ndani."

Chepchirchir siku hizo alikaa kizingitini na kitambaa cha maji baridi mguuni. Alimsalimia Trizah vizuri, lakini hakumwangalia machoni. Trizah alidhani ni maumivu.

Jerry alikuja Januari, mtu mrefu mwekundu, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya asante. Trizah alivaa gauni la kanisani. Alipoleta chai alimkuta ameketi kati ya Makhanu na Chepchirchir, kompyuta imefunguliwa, mistari ya rangi imejaa. Jerry alikuwa akionyesha mahali pa mlima, pale ambapo mistari ya watu wote hupanda na huu mmoja ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Alitikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akamshika Chepchirchir bega.

Juu ya ile mistari kulikuwa na picha. Ilikuwa ya Chepchirchir, akitabasamu. Picha haihitaji shule.

Trizah aliweka sinia chini.

"Baba Dalmas, mwambie ni mimi."

"Si saa hii."

"Mwambie hii mistari ni miguu yangu." Akainua mguu, akagusa kiatu, akagusa kifua chake, akaonyesha kompyuta.

Makhanu alikohoa, akazungumza Kiingereza, tena kirefu. Uso wa Jerry ukafunguka. Aliinuka, akamshika Trizah mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, mama." Akatoa fulana kwenye begi lake akampa. Trizah akasimama na ile fulana. Alijua kwamba mtu aliyeambiwa neno kama lile hawezi kujibu namna ile.

Alimfuata Chepchirchir kwenye tangi la maji. "Wewe umesoma. Amemwambia nini?"

Msichana alifungua bomba, akalifunga. "Amesema wewe ni mpishi wetu. Ati unasema miguu yangu imejengwa na chakula chako."

"Na wewe ukanyamaza."

"Mathe, ningesema nini? Aliniambia wewe umekubali."

Kabla Trizah hajamjibu, Makhanu akafika mbio. Jerry alitaka kuuona ule mlima ukikimbiwa. Makhanu alimvuta mkewe nyuma ya jikoni, sauti chini. "Mtangulie tu. Asiangalie saa, akufuate wewe. Huyu mtoto akianguka leo, kambi imefungwa na wale sita wanarudi makwao. Yako itakuja, naapa kwa kaburi la mama."

Trizah alivua gauni la kanisani, akavaa viatu.

Mlima ni kama kilomita tatu. Saa ilikuwa mkononi mwa Chepchirchir, kidude kwenye kiatu chake. Jerry alifuata nyuma kwa bodaboda. Trizah hakuhitaji saa. Mia mbili na tano ilikuwa miguuni mwake tayari. Alisikia hatua za msichana zikikanyaga kwenye zake, na pumzi yake, nzito, ya mtu aliyekaa kizingitini miezi minne. Walipofika nusu akawaza jambo alilojua kuwa ni kweli: akiongeza wati ishirini tu, kwa dakika mbili tu, huyu anakatika hapa hapa, na yule mzungu ataona kwa macho yake ni nani anayebaki akipanda.

Akaongeza. Hatua kumi, kumi na tano. Pumzi ya nyuma ikaanza kupasuka.

"Mama," msichana akasema. "Mama, tafadhali."

Hakumuita mathe. Trizah akarudi kwenye mia mbili na tano, akamvuta hadi juu kama mtu anayemvuta ng'ombe mgonjwa. Jerry alishuka kwenye bodaboda, akatazama saa, akacheka kwa furaha. Makhanu naye akacheka. Mpaka leo Trizah hajajisamehe zile hatua alizorudisha, na mpaka leo hajui angejisamehe vipi kama asingezirudisha.

Chepchirchir aliondoka baada ya miezi miwili. Makhanu aliondoka naye, akiwa meneja wake. Alipiga simu wiki ya kwanza kusema kuna baridi. Wiki ya tatu alipiga kuuliza kama paa linavuja. Baadaye namba yake haikupatikana tena. Vijana wakaondoka mmoja mmoja, Cheptoo wa mwisho, na Cheptoo siku hiyo hakupata mzaha wowote wa kusema. Aliaga tu.

Mwezi wa nane Chepchirchir akapiga simu, analia.

"Mama, mguu umevunjika."

"Umeanguka?"

"Sikuanguka. Umepasuka wenyewe nikikimbia. Kochi alinipangia mbio zote kwa zile wati. Zako. Akaniambia zishike, mwili wako tunaujua. Nikazishika mpaka kilomita ya ishirini na tatu."

Trizah aliketi kwenye kigoda. Miezi yote hiyo, akipanda kitanda cha peke yake, alikuwa amemuombea msichana huyu aanguke. Sasa ameanguka, na hakuona utamu wowote. Aliona mfupa wa mtoto wa watu ukibeba kazi ya mifupa yake yeye.

"Nataka kumwambia kochi," Chepchirchir akasema. "Yote. Ukinikubalia."

"Baba Dalmas atasema nini?"

"Mzee alishanihama. Amepata msichana mwingine wa kusimamia."

Trizah akainuka kwenye kigoda. "Mwambie. Mwambie jina langu lote, Trizah Nafula. Mwambie niko hapa na bado naupanda ule mlima. Akitaka, atume saa nyingine, ataona."

Siku tatu alitembea na simu kwenye mfuko wa aproni, sauti imewekwa juu. Kila alfajiri aliupanda mlima, kwa sababu mtu anaweza kutuma saa wakati wowote na haifai akukute umelegea. Siku ya nne ikalia.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Nimemuonyesha na ujumbe wa mzee wa kunipangia huo uongo." Sauti ya msichana ilikuwa chini. "Mama, amenitoa. Na wewe amesema hawezi kukuchukua. Amesema aliyevaa saa kwa jina la mwingine naye amedanganya."

"Ulimwambia sikujua?"

"Nilimwambia. Akauliza mtu mzima anakosaje kulijua jina lake akiliona."

Trizah alikuwa na jibu. Aliyeuliza hakuwa kwenye simu.

"Na ile mistari?" akauliza. "Ile ya miezi minne. Nisaidie tu ipigwe picha, Dalmas aione. Kochi aandike jina langu juu yake."

"Amefuta, mama. Ukurasa wote haupo."

"Hata ya mlima?"

"Yote."

Nje jua lilikuwa limeshika mabati na tangi lilikuwa linadondosha maji. Trizah alihamisha simu sikio la pili.

"Ule mguu uweke juu ya mto," akasema. "Usiukanyage hata ukidhani umepona. Wiki nane. Unanisikia?"

Chepchirchir akaanza kulia. Trizah hakumbembeleza wala hakukata simu. Alimwacha alie, akasikiliza, hadi salio la msichana likaisha.