Kampuni Ije Iape

Juzi, barazani kwa liwali, nilimwona Bi mmoja wa Chundwa akimshitaki karani wa kampuni inayonunua simsim. Alidai kwamba pishi yao ya kupimia imekwanguliwa ndani ili imeze zaidi. Liwali akajaza pishi ya sokoni, akaimimina katika ile ya kampuni. Simsim haikufika ukingoni. Baraza nzima ikaguna.

Karani, kijana wa mtaani kwetu, alinyoosha kanzu yake. "Mimi sikumpunja mtu, Bwana. Pishi ni ya kampuni."

"Basi kampuni ije iape," akasema Bi.

"Kampuni si mtu, Bi. Haina mkono wa kushika msahafu."

"Haina mkono! Na simsim yangu imeitwaaje?"

Liwali alicheka mpaka akashika kilemba. Kisha akamwamuru karani aape yeye, kwa niaba ya kampuni, kwamba pishi ile ni ya haki. Kijana alinyoosha mkono, ukasita hewani, akaurudisha kifuani.

"Siwezi, Bwana."

"Alhamdulillahi," akasema Bi, taratibu. "Mamako alizaa mwana, hakuzaa kampuni."

Pishi ilivunjwa, Bi akarudishiwa simsim yake. Wenye kampuni wako ng'ambo, na sheria ya kuwafikia huko sijaiona. Iliyowafikia upesi ni habari, maana kijana wetu sasa hana kazi. Mwenye duka anayetafuta mtu wa kumwachia pishi na aulize mtaani kwetu.