Nzi Walioamka Jumapili

Naikumbuka Jumamosi moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, nilipokuwa kijana wa maabara, shati langu likinuka pareto, yale maua ya kuulia wadudu, hata baada ya kufuliwa. Maabara yetu ilikuwa pembeni mwa Westlands, Nairobi. Tulitengeneza dawa ya nzi wanaosumbua ng'ombe, nami nilikuwa Mwafrika wa kwanza pale kupewa jaribio langu mwenyewe. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Nilitaka kuonyesha kwamba nusu ya pareto ya kawaida ingetosha, ili wafugaji wauziwe dawa kwa bei nafuu. Nikapulizia nzi wa kizimba kizima. Punde wote wakawa chali, miguu juu. Nikaandika kwa wino: "Wote wamekufa."

Mzee Wafula, aliyekuwa akifuga nzi hao kwa maziwa na pumba, akachungulia ndani. "Kijana, hii nzi haijakufa. Imelala tu. Ngoja kesho."

"Mzee, wewe fuga, mimi nitahesabu," nikamjibu. Maneno hayo yananichoma hadi leo. Lakini nilikuwa na haraka: fundi wa Ngara alikuwa amemaliza suti yangu, na jioni ile nilitarajiwa kwa kina mama yako kwa mara ya kwanza. Nikampelekea karatasi Dokta, Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu. Akafurahi, akasema Jumatatu dawa itaanza kutiwa kwenye mapipa.

Jumapili baada ya kanisa nikapitia maabara. Nilijiambia nimesahau kofia, kumbe nilitaka Mzee aione suti. Nikamkuta akiwapa nzi maziwa, maana nzi hawajui Jumapili. Kizimba changu kilikuwa kikivuma.

"Karibu," akasema. "Wafu wako wameamka. Wanataka chai."

Sikucheka. Niliogopa, mwanangu. Nikashika bomba niwapulizie tena, mara hii kwa dawa kali, na zaidi ya Mzee hakuna ambaye angejua. Mzee hakunizuia.

"Hii ya hapa utaua," akasema polepole. "Na ile ya kwa ng'ombe ya watu, utaua na nini?"

Nikaweka bomba chini. Nikaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Dokta, Spring Valley, suti mpya ikijaa vumbi, nikijua huenda narudi bila kazi. Dokta alikuwa bustanini. Akanisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akarudi na karatasi yangu.

"Andika tena," akasema. "Na kesho lete mzee ya nzi. Yeye naweka sahihi pamoja na wewe."

Kuanzia hapo hakuna karatasi yangu iliyotoka kabla Mzee Wafula hajachungulia asubuhi. Nilipohamia dawa za binadamu, wenzangu waliposhangilia homa iliyoshuka jioni, mimi niliuliza: asubuhi mgonjwa aliamkaje? Walinitania sana kwa swali hilo, nami nikazeeka nalo kwa furaha.

Kesho nawe unaingia maabara. Usiandike kwamba jambo limekwisha kabla hujalala ukaamka ukalitazama tena. Anayefuga nzi msikilize, maana ndiye anayewajua. Na ukikosea, nenda mwenyewe kusema kabla hujaitwa, hata kama suti ni mpya.

Mungu akupe macho ya asubuhi, mwanangu, na akupe mzee wa kukucheka mapema, ungali na nafasi ya kuandika upya.