Inavumilia Kiu Mpaka Wapi

Juzi nilikwenda kununua pikipiki ya magurudumu manne, yangu ya kwanza, na kijana wa duka akanivuta hadi kwenye ile ya injini kubwa. Alipoiwasha, harufu ya petroli ilinirudisha kwa Baba.

Siku ile, nikiwa bado mtoto, Baba alikuwa ametoka kuuza ngamia wake hapa Isiolo, nguo bado zinanuka mifugo. Mama alikuwa mgonjwa nyumbani Biliqo, mbali na mji, na lori la kumleta hospitali halikupatikana. Sikuweza kutulia. Tukaenda kununua pikipiki; dukani kulikuwa na mbili, na ile kubwa ilinguruma mpaka mabati yakatetemeka.

"Hii, Baba! Hii itafika haraka!"

"Mtoto anajua," muuzaji akacheka. "Hii iko na nguvu, mzee."

Baba aligonga tanki kwa kucha. "Nguvu sijauliza. Inavumilia kiu mpaka wapi?"

Watu wakacheka, nami nikaona aibu, maana hivyo ndivyo alivyouliza habari za ngamia. Akachukua ile ndogo. Nilidhani ameogopa ile kubwa, na nililia kwa hasira mgongoni kwake tulipokuwa tukipita mtaa wa Kiwanjani.

Ilikwenda ikilia kama mbu, vumbi mdomoni, na njia nzima hatukuona mtu anayeuza petroli. Tulipofika, Baba alimweka Mama katikati yetu, akatikisa tanki, akasikiliza petroli iliyobaki ikicheza ndani, kisha akageuza pikipiki.

Tangu Isiolo nilikuwa nikiwaza kufika tu. Kumbe Baba, pale dukani, alikuwa tayari anarudi na Mama.