Mawe ya Kisiwani na Mama Mkwe Wangu

Wazo la kwenda kuyaona mawe lilikuwa la mume wangu. Yeye ni dereva wa lori. Hupeleka unga, sukari na mafuta ya kupikia huko juu mpaka kando ya Ziwa Turkana, na kila akirudi nyumbani kwetu Wabera, mjini Isiolo, huja na habari mpya, nusu yake nikiamini na nusu nikiipikia chai. Safari ile alikuja na habari ya kisiwa. Mwenye boti mmoja alikuwa amemvusha huko wakati lori likisubiri kupakuliwa, na huko kisiwani akakuta mawe yamesimama wima kama watu kwenye foleni, mengine yamepangwa duara, na hakuna mtu wa kuuliza ni nani aliyeyasimamisha.

"Ni ya zamani kuliko kila kitu," aliniambia akivua viatu mlangoni. "Likizo ikifika, nakupeleka."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu mawe ya aina hiyo, kwamba wachungaji wa kwanza waliofika pande za ziwa ndio walioyaburuta na kuyasimamisha mahali walipozika watu wao. Kusoma ni kusoma tu. Nilikubali kabla hajamaliza kuvua kiatu cha pili.

Tatizo ni kwamba mama yake alikuwa amekaa pale pale sebuleni. Alikuwa ametoka kwao Kulamawe kuja kutibiwa meno, na meno yalikuwa yamepona wiki nzima iliyopita, lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza ataondoka lini.

"Na mimi nitaenda," alisema.

Mume wangu akacheka. "Mama, wewe unatoka Kulamawe! Mawe gani tena hujayaona?"

"Ya kwetu tumeshayala yote," akajibu bila kutabasamu, na akarudi kwenye tasbihi yake.

Ndivyo alivyokuwa. Maneno machache, yote yamekauka vizuri. Tangu niolewe alikuwa akiniita Mwalimu, kwa heshima kabisa, kama mzazi aliyekuja shuleni kuulizia karo. Sikuwahi kugombana naye. Ingekuwa rahisi zaidi kama tungegombana, angalau tungekuwa na kitu cha kusameheana.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, katika Landikruza kuukuu ya rafiki wa mume wangu ambayo milango yake ilifungwa kwa bega. Mama alikaa mbele. Mapajani alikuwa na kikapu kimefunikwa kwa kitambaa, na kilikuwa kizito, maana alipopanda gari alikipandisha kwanza, kwa mikono miwili, akishusha pumzi.

"Mama, nikuwekee nyuma," nilisema.

"Hapana, Mwalimu. Kiko sawa."

Nilijua ni nyirinyiri. Nyama ya kukaanga iliyohifadhiwa ndani ya samli, mkebe mzima, kwa sababu hakuamini kwamba mimi naweza kumlisha mwanawe njiani. Kutoka Isiolo mpaka Laisamis nilikasirikia mkebe huo. Lami ilikuwa nzuri, ngamia walikuwa wakivuka barabara bila haraka, mume wangu alikuwa akiimba, na mimi huko nyuma, na sufuria yangu ya pilau miguuni, nikikasirikia nyama.

Laisamis tukaacha lami. Kuanzia hapo ni changarawe, vumbi, halafu mawe meusi, barabara ikituchezesha kama mahindi kwenye ungo. Tulisimama kula. Nilifungua pilau nikiwa tayari kwa vita. Mama alinawa, akala, akaongeza. Kikapu hakikufunguliwa.

"Pilau imekubali," alisema.

Sasa nikachanganyikiwa. Kama si nyama, ni nini?

Jioni tuliliona ziwa. Mume wangu alizima gari juu ya mlima ili tulitazame, kijani kibichi lote, na hakuna hata mti mmoja kandokando yake. Nilipiga kelele ya furaha kama wanafunzi wangu. Mama alikishika kikapu chake akatazama maji muda mrefu, mpaka mume wangu akadhani amelala.

Tulilala Loiyangalani, na asubuhi upepo ulikuwa unavuma hata kuku wanatembea upandeupande. Mwenye boti alituambia tungoje. Alikuwa mtu wa hapo hapo ziwani, wa makamo, amevaa jezi ya mpira iliyopauka, na alikuwa akilitazama ziwa jinsi mimi ninavyotazama darasa la nane siku ya mvua. Baada ya adhuhuri upepo ukatulia, akatuita.

"Mama, hii kikapu iko na nini?" aliuliza akikipokea. "Ni nzito sana. Boti itaegemea."

"Basi wewe kaa upande ule mwingine," Mama akamwambia.

Kiswahili chake ni kidogo, lakini cha kumaliza mazungumzo anacho cha kutosha. Mwenye boti alicheka, akamvisha jaketi la kuelea la rangi ya chungwa juu ya mtandio wake, akakaa upande ule mwingine. Njia nzima Mama alikuwa ameshika mkono wangu. Hakunitazama, lakini aliushika, na kwa nguvu.

Tulipokaribia kisiwa, mwenye boti alipunguza injini akatupa sheria. Wazee wao husimulia kwamba mawe yale yalikuwa watu. Walikuwa kwenye ngoma, akaja mgeni mmoja amevaa vibaya, wakamcheka, na wote wakageuka mawe pale pale walipokuwa wakiruka. "Kwa hivyo kule hakuna kucheka," alisema. "Mtu akicheka, mimi sijui. Nitarudi na wale wamebaki."

Mume wangu ndiye aliyetafsiri kwa Kiborana, kwa sauti ya imamu. Alitaka pia kuwa wa kwanza kushuka ili ampokee mama yake. Alisimama kwenye ncha ya boti, akakunja suruali mpaka magotini, akatuambia tumwangalie yeye anavyofanya kisha tufuate. Akaruka. Jiwe alilolikanyaga lilikuwa na utelezi, miguu ikatangulia, naye akakaa. Alikaa ziwani kabisa, maji kifuani, kofia bado iko kichwani, akitutazama kama mtu aliyeketi kungoja kinyozi.

Mwenye boti aligeuka akaanza kuchunguza injini. Mimi niliuma kona ya mtandio. Nilihesabu madirisha ya shule yetu kichwani, nikakumbuka misiba, nikafanya kila niwezalo. Ndipo nikasikia sauti nisiyoijua, nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Alikuwa Mama. Mabega ndani ya lile jaketi yalikuwa yakitetemeka, machozi yanamtoka, na hatimaye akaachia kicheko ambacho kilienda mpaka kwenye mawe kikarudi. Basi sote tukaisha. Hata mume wangu alicheka humo humo majini.

Mwenye boti alipoweza kusema tena, alijipapasa mikono. "Bado tuko nyama," alitangaza.

Mawe yenyewe yako juu ya kilima kidogo, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Sikutegemea yangekuwa mazuri hivyo. Ni marefu, ya kijivu kilichokolea, yenye pande zilizonyooka kama yamechongwa, mengine yananifika kiunoni, mengine begani. Yameinama kila moja upande wake. Juu ya vichwa vyao wapita njia wameweka vijiwe vidogo. Nyuma yake kuna duara la mawe yaliyolala, limekaa kimyakimya kwenye changarawe, na katikati hakuna kitu ila upepo. Nilipitisha kiganja kwenye jiwe moja. Lilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Nilimfikiria mtu aliyelibeba akapanda nalo huku, na wenzake wakilalamika, na mmoja wao bila shaka akisema lingekaa vizuri zaidi kule.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amepiga magoti pembeni ya duara, amefunua kikapu. Akatoa jiwe. Jiwe la kawaida, kubwa kama mkate, upande mmoja mweusi tititi kwa masizi.

Mume wangu aliinama akalitazama. "Mama, hili si figa?"

"Ni figa."

"La nyumbani?"

"La jikoni kwa mama yangu," alisema. Kisha akanitazama mimi. "Binti yangu, njoo ushike upande huu."

Nilishika. Hatukuligusa duara la wenyewe. Tulifukua changarawe nje yake kwa mikono, tukaliweka figa, upande wenye masizi ukitazama maji, tukalishindilia mpaka likakaa imara. Mwenye boti alikuja bila kuitwa, akaongeza kijiwe kimoja pembeni yake, akarudi kusimama mbali. Mama alinyanyua mikono akaomba dua, sisi tukaitikia amin. Sikuuliza ni ya nani. Nilikuwa na maswali mengi, lakini lile neno binti yangu lilikuwa bado linanizunguka masikioni, na niliogopa nikifungua mdomo litatoka.

Tulipokuwa tunajipangusa, upepo ukarudi. Mwenye boti alitazama mawimbi akatikisa kichwa, akatuonyesha tukae nyuma ya mawe marefu, upande usiopata upepo. Tukaketi wanne tumebanana, migongo kwenye mawe, mume wangu akitiririka maji bado. Hapo ndipo Mama aliposimulia.

Alikuwa na kaka. Ukame ulipomaliza mifugo yao, yeye alikuwa msichana mdogo, na huyo kaka alisikia kwamba kwenye ziwa huko kaskazini kuna kazi ya kuvua ambayo haihitaji mvua. Akaenda. Kwa muda habari zake zilikuja na watu wa malori. Halafu ikaja habari kwamba boti lilipinduliwa na upepo, na kwamba hakuonekana. Nyumbani walimswalia bila mwili. Mama yao aliendelea kupika juu ya yale mafiga aliyomlishia, na alipofariki, binti yake akayachukua.

"Kaburi lake ni hayo maji yote," Mama alisema. "Nilitaka tu awe na jiwe moja la kwao."

Mume wangu alivua kofia yake. "Mimi nilijua mjomba alikufa kwa ugonjwa."

"Nani alikuambia?"

Akafikiri. "Hakuna. Nilijiambia mwenyewe."

"Na wewe ukachagua kuleta lori huku huku," alisema mama yake. "Nikikuambia, utaendesha ukiangalia maji badala ya barabara. Nikanyamaza. Lakini kila ukiondoka, mimi naswali mpaka mkeka unalalamika."

Aliuchukua mkono wa mwanawe akaukamua mkono wa shati, maji yakatiririka, kama alivyokuwa akimfanyia bila shaka alipokuwa mtoto. Nilikuwa nimelia kidogo, na upepo ulinisaidia, maana macho ya wote yalikuwa mekundu kwa vumbi. Nilijua pia sasa kwamba yale meno hayakuwa yamemchelewesha Wabera. Alikuwa amekuja na figa tangu Kulamawe, akingoja mtu amtajie ziwa.

Jua lilipoanza kulegea, mawimbi yalipungua. Mwenye boti alituvusha polepole, akisindikizwa na Mama, ambaye sasa alikuwa akimwelekeza wapi pa kupita.

Ufukweni kulikuwa na mwanamke anayekaanga samaki kwenye karai kubwa. Mume wangu alikuwa tayari anatutafutia nyama ya mbuzi, kwa sababu kwao samaki si chakula, ni kitu kinachoonekana kwenye vitabu vya watoto. Mama akamvuta shati.

"Nipe huyo," alimwambia mwanamke, akionyesha tilapia mkubwa kuliko sahani.

"Mama! Unakula samaki?"

"Kaka yangu alitutumia salamu kwamba ameanza kula samaki na kwamba ni watamu. Baba alikasirika sana. Alisema mwanawe amekuwa ndege." Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanawa, akasema bismillahi, akamega kipande kidogo sana kutoka shingoni. Tulimtazama wote, pamoja na mpishi. Alitafuna kwa muda mrefu, akitazama ziwa. Akatoa mwiba mmoja mdomoni, akautazama, akauweka pembeni ya sahani kwa uangalifu.

"Haya?" mume wangu alishindwa kuvumilia.

"Hakudanganya," alisema Mama. Akasogeza sahani katikati ya meza, karibu nami. "Kula, binti yangu, kabla hajapoa. Huyu wa majini mwache akauke kwanza."

Nilimega mkia. Ulikuwa na chumvi nyingi na ndimu kidogo, na ukavunjika vunjika vidoleni. Tukala mpaka ukabaki uti wa mgongo mtupu, na Mama akaagiza mwingine.